Tovuti ya Marehemu Haiendi Eldoret

Akinyi,

Sikusalimii. Tumeamka nyumba moja, umenywa chai ukiwa umesimama, ukatoka kwenda kuaga marafiki zako bila kuniangalia usoni. Nimekaa hapa kibandani, mlango nimeufunga nusu, na cherehani mbili za mguu ambazo wenyewe wanazitaka leo hazitatengenezwa leo. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Eldoret kuanza kazi. Nina hasira na wewe, na nikijaribu kuisema kwa mdomo nitapiga kelele, baba yako ataingilia kati, halafu tutaishia kuzungumza habari za blanketi. Habari za blanketi amekuandikia yeye, pamoja na mambo ya maji na kufunga mlango. Mimi ninayo yangu.

Jana saa kumi simu yangu ililia. Ujumbe ulisema kuna mtu ameomba kuhamisha umiliki wa tovuti ya kamati ya maafa ya mtaa, ile tunayotangazia vifo, na kama mtu huyo ni mimi, niandike namba sita zilizotumwa. Sikuwa nimeomba kitu. Bado nasoma mara ya pili, nikakusikia ukiniita kutoka jikoni, sauti laini kabisa.

"Mathe, kuna namba imeingia kwa simu yako?"

"Namba gani?"

"Aah, ni kitu tu ya kazi. Nisomee."

Nikakwambia hakuna namba. Jioni tukala ugali wetu na sukuma kama watu wastaarabu. Baba yako akasifu mboga.

Unajua kinachoniuma? Si kwamba uliitaka. Jumapili uliniomba waziwazi, baba yako akiwa hapo. Ukasema tovuti imekaa tu, hakuna anayeishughulikia, si nikupe uende nayo. Ukatueleza kama mwalimu, kwamba hiyo kampuni iliyokuajiri kazi yake ni kuwatafutia wateja linki, yaani kufanya tovuti nyingine ziwatume wasomaji kwao, kwa sababu mtambo wa kutafuta huzichukulia linki kama mashahidi. Ukishuhudiwa na wengi, tena wenye heshima, unapandishwa ukurasa wa kwanza. Usiposhuhudiwa unakaa ukurasa wa tisa, na huko hakuna mtu anayefika. Ukasema tovuti ya kamati ina mashahidi kuliko tovuti yoyote ya Eastlands unayoijua: makanisa, kwaya, shule, vyama vya watu wetu walio ng'ambo, hata magazeti. Ni kweli. Kila mtu aliyefiwa hapa mtaani Jericho alituma linki ya tangazo letu kila pembe ya dunia, na wengi wakaiweka kwenye tovuti zao ikabaki huko. Bosi wako angeichukua, afute matangazo yote, halafu kila mtu anayebofya jina la marehemu apelekwe kwa wateja wake. Ulisema atafurahi sana. Nikakataa. Ukasema, "Sawa, Mathe."

Kumbe hiyo sawa ilikuwa ya kunitoa njiani. Mtoto niliyemzaa, niliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma, ananiita kwa sauti ya asali ili nimsomee namba za kuniibia. Na tayari umemwahidi huyo bosi; usikatae, nakujua, usingeharakisha hivyo kama hujaahidi. Umeianza kazi kabla ya kuripoti kazini.

Labda unafikiri nilikataa kwa sababu mimi ni mama wa cherehani na mambo haya siyajui. Akinyi, linki nilizijua ukiwa darasa la saba. Nilipata linki nzuri kwa jasho langu, na nikapata nyingine kwa njia ambayo sijamwambia mtu, hata baba yako. Leo nitakwambia zote mbili. Usiruke mistari.

Unaikumbuka tovuti ya kwanza ya kibanda hiki. Niliitengeneza mwenyewe baada ya masomo ya kompyuta ya jioni. Ilikuwa na picha yangu nimeshika bisibisi na maneno matatu: tunatengeneza cherehani, karibuni. Kweli, ilikuwa aibu. Nilipoambiwa linki ndizo zinazoinua tovuti, nikaanza kuziomba nyumba kwa nyumba kama mtu aliyeishiwa chumvi. Nikamwomba mchungaji, nikamwomba binamu yako mwenye blogu ya mpira, nikamwomba hata yule mwuza kuku. Wengine waliweka kwa huruma. Haikusaidia kitu, na ilikuwa haki isisaidie, kwa maana nani anayesoma habari za mpira akitafuta fundi wa cherehani?

Kilichonisaidia ni kuchoka. Kila siku mtu alikuja na cherehani inayoruka mishono. Kutoka Pumwani, kutoka Makadara, kutoka Kariobangi, kila mmoja ameibeba begani, jasho linamtoka, halafu nikiangalia naona sindano imewekwa kinyume. Basi. Nageuza sindano, mtu anarudi na mzigo wake. Siku moja mama mmoja alikuja hivyo mara ya tatu, nikakasirika nikasema hili jambo nitaliandika liishe. Nikaandika kila sababu ya cherehani kuruka mishono, nikapiga picha za sindano mbovu karibu na sindano nzima, nikaonyesha upande upi ni wa mbele. Sikumwomba mtu linki. Baada ya muda nikaona wasomaji wanatoka kwenye chuo kimoja cha ufundi. Mwalimu wa ushonaji wa hapo naye alikuwa amechoka kuwaeleza wanafunzi jambo lilelile, akaweka linki yangu kwenye orodha ya masomo yao.

Hapo nikaelewa kitu ambacho bosi wako hatakwambia. Anayetoa linki kwa moyo ni mtu aliyechoka kueleza jambo moja kila siku. Ukilieleza vizuri kumzidi, atawatuma watu kwako ili apumzike.

Nikaipitia ile orodha ya chuo, nikakuta nusu ya linki zake zinaenda kwenye kurasa ambazo hazipo tena. Nikamwandikia mwalimu: hii imekufa, hii nayo imekufa, na mahali pa hii nina maelezo yangu, ukiona yanafaa. Akanishukuru akaweka mbili. Nikafanya hivyo kwa vyuo vingine, kimoja baada ya kingine, na wengi hawakunijibu. Halafu duka moja kubwa la Industrial Area likachukua picha zangu za sindano, likaziweka kwenye tovuti yao kama zao. Nilivaa viatu niende nikawatukane. Baba yako akasimama mlangoni akasema, "Mwikali, utawatukana halafu? Waambie waweke jina lako na linki." Nikawaandikia kwa adabu iliyonitoka kwa shida. Wakaweka siku hiyohiyo. Mwandishi wa gazeti alipouliza mtandaoni ni kwa nini sare za shule zinararuka kabla ya muhula kuisha, mafundi walimjibu kwa maneno. Mimi nilikusanya kaptura tatu zilizoraruka, nikazipiga picha upande wa ndani, nikamwonyesha mshono ulipokosewa. Gazeti likaweka linki. Kazi yote hiyo ilinichukua kama miaka miwili, mwendo wa kobe, na mwisho wake ukitafuta fundi wa cherehani Nairobi mtu wa kwanza ni mimi. Nilikuwa nikifungua simu kila asubuhi kuangalia kama bado nipo. Huo ndio ugonjwa wangu, na nadhani umeurithi.

Ndipo nikachaguliwa katibu wa kamati ya maafa. Unajua kazi ya katibu ni nini: mtu akifiwa, familia inaleta karatasi, mimi naandika tangazo na wasifu wa marehemu, naweka kwenye tovuti, watu wanatuma linki kwa jamaa walio mbali. Nikaona zile linki zinavyoingia. Kwangu nilitafuta moja kwa miezi. Msiba mmoja tu ulileta nyingi kwa siku mbili. Nikafanya dhambi ndogo. Chini ya kila tangazo nikaweka mstari mwembamba: tovuti hii imeandaliwa na Mwikali, fundi wa cherehani, na linki yangu. Hakuna aliyelalamika. Niliona ni malipo ya jasho langu. Hata leo sijui kama hiyo peke yake ni makosa makubwa, lakini ndiyo iliyomfungulia mlango mtu mwingine.

Duka jipya likafunguliwa mjini, likanipita. Nikawa wa pili, halafu wa sita, halafu ukurasa wa pili. Nilinuna mwezi mzima, na wewe ulikuwa chuoni hukuniona. Wakati huo ndipo Tony aliponipigia. Alisema anafanya kazi ya linki, ameona tovuti ya kamati, na hataki kuniuzia kitu. Anataka tubadilishane. Mimi nimwekee sentensi moja kwenye kurasa za kamati, yenye linki ya mteja wake, naye ataniwekea linki kutoka tovuti kubwa kubwa. Mteja wake alikuwa kampuni ya kubeti.

Ningependa kukwambia nilifanya hivyo kwa ajili ya karo yako. Hapana. Karo ilikuwa imelipwa. Nilitaka kuwa wa kwanza, basi.

Wiki ileile akafariki Mwalimu Barasa, aliyekuwa akifundisha kwaya kanisani. Unamkumbuka, alikuimbisha ukiwa mdogo akakwambia una sauti ya kuamsha jirani. Tangazo lake lilienea kuliko yote tuliyowahi kuweka. Kila kwaya aliyowahi kuifundisha, kila shule, kila mwanafunzi wake aliye ughaibuni aliweka linki. Tony akapiga simu mara tatu siku moja. Akasema ukurasa ule una nguvu sasa hivi, wiki ijayo utakuwa umepoa. Nikamwambia tungoje tuzike. Akasema, "Mama, ni sentensi moja tu, nani atasoma?" Nami nilijua kijitabu cha mazishi kimeshachapishwa, kwa hivyo kanisani hakuna atakayeiona. Alhamisi jioni nikaifungua historia ya Mwalimu, iliyoandikwa na mke wake kwa mkono wake, na katikati nikaingiza kwamba katika mapumziko yake Mwalimu alipenda kubeti mechi za wikendi. Kwenye maneno kubeti mechi nikaweka linki.

Kijitabu hakikuwa kimechapishwa. Shiru, aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta na uchapaji, pale karibu na stendi na ndiye aliyechapa vijitabu vyote vya kamati, aliishiwa karatasi siku ile. Akaahirisha mpaka Ijumaa asubuhi, na kwa kuwa ni mwangalifu akaichukua historia upya kutoka kwenye tovuti, asije akaacha marekebisho ya familia.

Jumamosi tulikuwa kanisani, basi la kwenda Bungoma linangoja nje. Kijana mkubwa wa Mwalimu alisimama kusoma wasifu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya baba yake. Akafika pale. Akasoma, "Katika mapumziko yake Mwalimu alipenda kubeti mechi za wikendi," halafu akarudi nyuma kwa macho, akaona ni kweli imeandikwa. Kwenye safu ya wanaume wa kwaya mtu akacheka kwa pua. Mama Naliaka, mjane, akakifungua kijitabu chake, akautafuta mstari ule, akaweka kidole juu yake na hakukitoa mpaka ibada ilipoisha. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake. Kidole kile nilikiona muda wote.

Na hapo ujue Mwalimu huyu aliwahi kuwasimamisha waimbaji wawili mpaka waache kubeti. Hao hao ndio walioanza kusema kumbe. Mwingine akakumbuka kwamba kinanda kipya cha kwaya kilichangiwa na hakijanunuliwa. Kabla mwili haujafika Bungoma, Jericho nzima ilikuwa imeshajua pesa za kinanda zilikoenda: kwenye kubeti. Uongo wangu ndio uliowapa habari hiyo. Kinanda kilikuwa kimeagizwa, kikaja baada ya miezi miwili, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba Mama Naliaka msamaha. Aliacha kuimba. Siku hizi anasali nyumbani.

Kamati ikaketi. Kabla ya kikao nilikuwa nimeshaifuta ile sentensi. Mwenyekiti akaniuliza ilitoka wapi. Nikasema mimi niliandika kile familia ilichonipa. Nikasema, "Labda huko saiba." Maneno matatu. Shiru akasimama, hakupandisha sauti, akasema yeye alichapa kilichokuwa kwenye tovuti. Nikatoa simu yangu, nikafungua ukurasa, nikampa mwenyekiti, nikasema, tazameni, ipo? Ikazunguka mkono kwa mkono. Haikuwepo. Wakamnyang'anya kazi ya kuchapa vijitabu, na maneno yalivyo mtaani, watu wakaogopa kumpelekea hata barua za kazi, wasije wakaongezewa mistari. Saiba ikafungwa. Sasa anauza nguo za watoto soko la Muthurwa. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nililichuma, akalila jirani, na nyumbani kwangu hakuna aliyeonja.

Sasa ndiyo unajua kwa nini nikipita Muthurwa natembea haraka. Ulikuwa ukinicheka, ukisema naogopa kuibiwa.

Tony hakunijibu tena. Linki alizoniwekea zilikuwa takataka, tovuti zisizosomwa na mtu, mtambo ukazigundua na kunishusha kabisa. Ukitafuta fundi wa cherehani leo hunioni. Hilo halinisumbui tena, lilinistahili.

Kinachonisumbua ni hiki. Mwezi uliopita Naliaka, binti wa Mwalimu, alikuja hapa kibandani. Mtoto wake wa kike alipewa kazi shuleni aandike habari za babu yake. Akatafuta jina mtandaoni. Kilichokuja juu si tovuti yetu. Ni tovuti za wale wanaonakili matangazo ya vifo vya watu ili wapate wasomaji, walinakili ile historia siku ile ile niliyoichafua, na wameibakiza hivyo. Mtoto akaandika kwamba babu yake alikuwa mwalimu wa kwaya aliyependa kubeti. Akaisoma mbele ya darasa. Naliaka akaniambia, "Mama Akinyi, wewe unajua hizi vitu. Unaweza kuitoa?" Nikamjibu nitaangalia. Akanishukuru. Fikiria, akanishukuru.

Nikaangalia. Siwezi kuitoa kwa wale wanaonakili, hawana anwani wala haya. Lakini naweza kuizika. Mwaka uliopita niliiacha tovuti ya kamati bila kuigusa, ikapoa, ndiyo maana ikapitwa. Mashahidi wake bado wapo. Kwaya zote zile, shule zote zile, bado linki zao zinaelekea kwetu. Nikiuweka upya ukurasa wa Mwalimu, na wasifu wake kama mkewe alivyouandika, na chini yake nieleze nani aliuharibu na kwa nini, kisha niwaandikie wale wote waliouelekeza, kwaya moja moja, shule moja moja, niwaambie ukweli uko hapa, utapanda. Hakuna tovuti nyingine duniani inayoweza kuupandisha. Hiyo moja tu. Na nilikaa mwezi mzima nikiogopa kufanya hivyo, kwa maana siwezi kueleza nani aliuharibu bila kuandika jina langu.

Halafu jana zikaja namba sita. Nikaelewa kwamba kama ningekusomea, kufikia wiki ijayo ukurasa wa Mwalimu Barasa ungekuwa mlango wa duka la mtu nisiyemjua, na kitakachobaki duniani juu yake ni ule uongo peke yake. Milele. Na mkono uliomaliza kazi yangu ungekuwa wa mwanangu. Nilitaka kuja jikoni nikuzabe kofi, mtu mzima kama ulivyo. Halafu nikajiuliza huyu amejifunzia wapi, nikakaa chini.

Leo alfajiri nimebadilisha neno la siri. Usijaribu tena. Nimempigia mwenyekiti nikamwambia nina jambo la kusema mbele ya kamati na mbele ya Mama Naliaka. Akasema wanakaa kesho saa tatu ukumbini, lakini kama ni jambo zito tunaweza kulisogeza wiki ijayo, kwani amesikia binti yangu anasafiri. Basi lako linaondoka saa tatu. Nilifikiri kidogo, nikamwambia kesho. Wiki ijayo ningepata sababu, ninajijua.

Kwa hivyo baba yako ndiye atakayekusindikiza. Najua itakuuma, na sehemu yangu moja inataka ikuume. Sehemu nyingine imekaa hapa inalia juu ya cherehani ya mtu.

Bosi wako atakuuliza tovuti iko wapi. Mwambie mama yako amekataa, ni mwehu, lolote. Kama atakufukuza siku ya kwanza kwa kufika mikono mitupu, panda basi urudi, chumba chako sitampa mtu. Kama atakubakiza, utaona utakavyofanya kazi. Uko na akili kunishinda na hii kazi ina njia yake safi, nimeipita kwa miguu yangu. Lakini atakuja mtu kama Tony, hata kama ana jina zuri zaidi, akwambie ni sentensi moja tu. Sina dawa ya siku hiyo. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa mtu mzima nimeshakuzaa na nikakubali.

Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nilikwenda Muthurwa. Shiru alikuwa akipanga soksi za watoto kwenye meza yake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, watu wakinisukuma. Hakunikatiza. Alimuuzia mteja mmoja, akamfungia vizuri, akamrudishia chenji, ndipo akanigeukia.

"Mama Akinyi, mimi nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ni vile simu ilikuwa yako."

Nikamwomba aje kesho ukumbini. Nikamwambia nitaomba kamati imkabidhi yeye tovuti, kama ataitaka. Aliuliza tu kama Mama Naliaka atakuwepo, na kama nitasema nikiwa nimekaa au nimesimama. Nikamwambia nitasimama. Akasema basi atafunga meza aje.

Mwanangu, usafiri salama. Usinipigie simu kabla ya saa sita, maana sijui watanichukua muda gani.

Mama yako,
Mwikali